Supu ya soseji na pasta ya Kiitaliano: dalili, chanzo na namna ya kuiokoa

Supu hii ikiharibika, mara nyingi viungo havina kosa. Kosa liko kwenye mpangilio: kilichostahili kuingia mwisho kimeingia mwanzo, na kilichostahili kupewa muda mwanzoni kimeharakishwa. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kununua soseji duka moja, makaroni ya aina moja na nyanya za fungu moja, mmoja akapata supu nzito yenye harufu ya kuita majirani, mwenzake akapata bonge la pasta lenye mafuta juu.

Kabla hujaongeza chumvi, maji au kidonge cha supu, zima moto. Onja mchuzi peke yake, kisha pasta peke yake, kisha nyama peke yake. Supu inayoonjwa kwa pamoja inadanganya: unasema "haina chumvi" kumbe mchuzi una chumvi ya kutosha na pasta ndiyo chapwa. Ukishajua ni kipi kati ya vitatu hivyo kinacholalamika, tafuta dalili yako hapa chini.

Iliyo sawa ikoje

Waitaliano hawana supu moja tu ya namna hii. Wana ukoo mzima wa pasta ndani ya mchuzi: pasta e fagioli yenye maharage, minestrone yenye mboga tele, vipasta vidogo kama nyota ndani ya supu ya kuku. Soseji nayo hutofautiana kutoka mkoa hadi mkoa, na si zote zina shamari (mbegu za fennel). Ile yenye shamari ndiyo iliyopata umaarufu Marekani kupitia wahamiaji, wengi wao wakitoka kusini mwa Italia, hata kanuni za serikali ya huko zinataka soseji iwe na shamari au anisi, pamoja na pilipili, ndipo iuzwe kama soseji ya Kiitaliano. Hiyo ndiyo ladha tunayoitafuta hapa.

Kwa watu 6, vipimo vyangu ni hivi: soseji mbichi gramu 500, kitunguu maji kikubwa 1, karoti 2, mashina 2 ya seleri, punje 4 za kitunguu saumu, vijiko vikubwa 2 vya nyanya ya kopo, nyanya mbivu zilizomenywa gramu 400, supu ya mifupa au ya kuku lita 2, maharage yaliyokwisha kuiva vikombe 2, pasta fupi gramu 180, na mboga za majani mikono miwili. Juu yake jibini gumu la kukwaruza na mafuta ya zeituni. Ukichota, mchuzi unatakiwa ushike kijiko kidogo, usiwe mzito kama rojo. Pasta iwe laini lakini iwe na ukinzani kidogo katikati. Nyama iwe na rangi ya kahawia, isiwe ya kijivu.

Pasta imekunywa supu yote

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Unapika supu saa kumi na moja jioni, watu wanakaa mezani saa mbili usiku, unafunua sufuria: mchuzi haupo, makaroni yamevimba mara mbili na yanavunjika ukiyagusa na upawa.

Pasta kavu ni unga uliokaushwa, na kazi yake ndani ya maji ni kunywa. Gramu 100 za pasta kavu zikiiva kwa kawaida hufikia zaidi ya gramu 200. Kuzima moto hakuisimamishi. Mradi mchuzi ni wa moto inaendelea kunywa, na hata ndani ya friji inaendelea, polepole. Kwa hiyo chanzo ni kimoja kati ya vitatu: pasta ilitiwa mapema mno, ilitiwa nyingi mno, au supu imekaa muda mrefu baada ya kuiva.

Kama ulitia nyingi, chunguza mkono wako. Pasta kavu huonekana kidogo ndani ya sufuria ya lita mbili, na hapo ndipo mtu anamalizia pakiti nzima ya gramu 400 au 500. Gramu 30 kwa mtu zinatosha, maana kuna nyama na maharage pia. Asiye na mizani apime kikombe kimoja na nusu cha chai cha makaroni madogo kwa lita mbili za mchuzi, si zaidi.

Kama walaji wanakuja kwa zamu, mmoja katoka kazini, mwingine yuko njiani, usitie pasta ndani ya supu kabisa. Ichemshe pembeni kwa maji yenye chumvi: Waitaliano hukadiria lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi na gramu 100 za pasta. Itoe dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, chuja, ichanganye na kijiko cha mafuta ya zeituni isigandane, iweke kando. Anayefika anawekewa pasta yake bakulini na kumwagiwa supu ya moto juu. Wengine hulalamika kwamba njia hii inapunguza uzito wa mchuzi, na ni kweli, kwa sababu wanga wa pasta unabaki kwenye maji ya kuchemshia. Chota kikombe kimoja cha maji hayo kabla ya kuchuja, uyatie kwenye supu.

Kama wote wako nyumbani, pika ndani ya supu. Mimi naona ndivyo inavyokuwa tamu zaidi, kwa sababu pasta inakunywa mchuzi wenye nyama badala ya maji ya chumvi. Ila itie watu wakiwa wameshanawa mikono. Walaji wasubiri pasta dakika kumi. Pasta haiwezi kuwasubiri wao.

Na ikiwa imeshakunywa? Usimimine maji ya bomba. Chemsha supu ya mifupa ya ziada, au maji yenye nyanya ya kopo kidogo na chumvi, uongeze yakiwa moto, kikombe kwa kikombe, huku ukionja. Pasta iliyovimba hairudi kuwa ngumu, lakini chakula kinalika. Kama imepita kiasi, acha kuing'ang'aniza iwe supu: imimine kwenye bakuli la kuokea, funika kwa jibini, iweke ovenini mpaka juu pawe na rangi ya dhahabu. Hapo umepata chakula kingine, na ni kizuri.

Ikumbukwe pia kwamba si kila uzito ni kosa. Napoli hupika pasta e fagioli nzito kiasi cha kijiko kusimama, na wanaitaka hivyo. Kosa ni pale ulipotaka mchuzi ukakuta haupo.

Dakika za pakiti zimepita na pasta bado ngumu

Kama unaishi Nairobi, Eldoret, Mbeya au mahali pengine pa juu, pakiti haikukudanganya. Ilipimwa mahali maji yanapochemkia nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanatokota sawasawa lakini hayana joto lile. Ongeza dakika mbili hadi nne, na amini meno yako kuliko saa. Kata kipande kimoja cha makaroni kwa kisu: ukiona duara jeupe katikati ya ukuta wake, bado. Duara likiwa limebaki alama ndogo kama ncha ya sindano, zima moto, joto la mchuzi litamalizia.

Kinyume chake, pasta inayolainika ghafla na kutoa maji meupe mazito huenda si ya ngano ngumu. Tangu mwaka 1967 sheria za Italia zinataka pasta kavu itengenezwe kwa ngano ngumu, ile inayoitwa durum. Baadhi ya makaroni ya bei rahisi madukani hutengenezwa kwa ngano ya kawaida, na hayo hayavumilii supu. Soma nyuma ya pakiti. Ukiwa nayo hayo tu, yapike pembeni.

Supu ni majimaji, haina ladha hata ukiongeza chumvi

Hapa kosa halipo mwishoni ambako mtu anahangaika na chumvi na vidonge. Lipo katika dakika 15 za mwanzo.

Ladha nzito ya supu hii inatoka kwenye nyama iliyokaangwa ikapata rangi. Rangi ile ya kahawia haiji kabla joto la uso wa nyama halijapita nyuzi 140 hivi, na maji hayapiti 100. Maana yake ni kwamba nyama ikiwa ndani ya maji yake yenyewe inachemka, haikaangiki. Sikiliza sufuria: mwanzoni utasikia mbubujiko mzito wa maji, nyama ikiwa ya kijivu na povu pembeni. Wengi hapo ndipo wanapotia vitunguu, wakidhani imeiva. Subiri. Maji yanapokauka sauti inabadilika, inakuwa mlio mkali na mwembamba wa mafuta, na hapo tu ndipo rangi inaanza. Iache nyama itulie bila kuikoroga dakika mbili tatu, igeuze, iache tena. Chini ya sufuria patashika utando wa kahawia. Huo utando ndio supu yako.

Nyama kugoma kutoa rangi kuna sababu chache. Sufuria ndogo, nyama imerundikana: kaanga kwa mafungu mawili. Nyama imetoka friza ikiwa bado na barafu: iache iyeyuke ndani ya friji, kausha kwa kitambaa safi. Moto mdogo: kwenye jiko la mkaa subiri makaa yawe mekundu kabla ya kubandika, kwa sababu mkaa unaoanza kushika huchemsha, haukaangi. Wenye sufuria nyembamba za alumini wana tatizo la upande wa pili, maana zinaunguza sehemu moja na kuacha nyingine mbichi. Zungusha sufuria juu ya jiko kila baada ya muda, au kaangia kwenye kikaango kizito halafu uhamishie.

Nyama ikishapata rangi, itoe. Kaanga vitunguu, karoti na seleri zilizokatwa ndogo sana ndani ya mafuta yaliyobaki, moto wa wastani, dakika 10 kamili, mpaka vitunguu vinaangaza na kuwa vitamu. Kisha kitunguu saumu, nusu dakika tu. Kisha nyanya ya kopo, ikaangwe mpaka iache wekundu wa kung'aa na kuwa na rangi ya matofali. Mimina supu kidogo na kukwangua ule utando wote kwa mwiko wa mti. Kama chini palikuwa peusi badala ya kahawia, usikwangue. Hamisha vilivyo juu kwenda sufuria nyingine, kwa sababu uchungu wa nyama iliyoungua hautoki.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Kwa hili sisi tuna bahati, maana supu ya mifupa ni mazoea yetu. Mifupa ya ng'ombe yenye maungio, ikichemshwa saa tatu nne kwa moto mdogo, hutoa utomvu unaoupa mchuzi uzito ule wa kunata midomoni. Makongoro hutoa zaidi, ila tumia kipande kimoja tu. Chemsha bila tangawizi wala ndimu. Weka kitunguu, karoti na pilipili manga nzima.

Ukiwa umeshafika mwisho na supu bado nyepesi, ponda kikombe kimoja cha maharage na ukirudishe ndani. Waitaliano hufanya hivyo makusudi. Kama una gamba gumu la jibini la Parmigiano Reggiano, lisugue, lichemshe ndani ya supu nusu saa, kisha litoe. Mwishoni kabisa, matone machache ya siki au ndimu. Mara nyingi supu inayoonekana kukosa chumvi inakosa ukali kidogo tu.

Inanuka pilau

Umetumia uzile badala ya shamari. Mbegu hizi zinafanana sana na wauzaji wengine sokoni huzichanganya majina, kwani zote ni za jamii ya bizari. Uzile ni mwembamba, wa rangi ya udongo, na harufu yake ndiyo ya pilau. Shamari ni nono kidogo, ina ukijani, na ukiitafuna ni tamu, inaacha ubaridi mdomoni. Itafune kabla hujalipa.

Kama uzile umeshaingia, hautoki. Usijaribu kuufunika kwa shamari nyingi. Ongeza pilipili kichaa na dania, ule supu yenye mwelekeo mwingine, na wakati ujao utanunua kwa meno.

Shamari ikiwepo lakini haisikiki, basi ilitiwa nzima na ikiwa ya zamani. Ikaange kavu dakika moja, itwange nusunusu kwenye kinu, tia wakati nyama inakaangwa. Mafuta hubeba harufu yake vizuri kuliko maji. Na ikizidi, supu inakuwa na ladha ya dawa ya kikohozi, kwa hiyo kijiko kimoja na nusu cha chai kwa nusu kilo ya nyama kinatosha.

Soseji yenyewe ina matatizo

Soseji nyingi za madukani kwetu si za aina hii. Ni laini, za rangi ya waridi, nyama imesagwa mpaka ikawa kama povu, na baadhi zimeshaivishwa kiwandani. Ukizichemsha dakika 40 zinavimba, zinakuwa kama sponji na ladha yake yote inahamia kwenye maji bila kuyasaidia. Kama ndizo ulizonazo, soma pakiti ujue ni mbichi au zimeiva. Mbichi zinahitaji kuiva hadi katikati; zilizoiva zikate vipande, zikaange hadi zipate rangi pande zote mbili, ziweke kando na uzirudishe dakika tano za mwisho. Zile za kuvutwa moshi huleta ladha ya moshi inayofunika kila kitu, na binafsi sizitii kwenye supu hii.

Bora zaidi ni kutengeneza nyama ya soseji mwenyewe, na haihitaji utumbo wala mashine. Chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga yenye mafuta, kama sehemu moja ya mafuta kwa nne za nyama. Asili yake ni nguruwe; kwa asiyekula, ng'ombe wa kidari au kondoo hufanya kazi nzuri kabisa, na jikoni kwetu ndiyo njia inayowafaa wengi. Tia chumvi gramu 8, shamari iliyotwangwa, pilipili manga kijiko cha chai, punje 3 za kitunguu saumu zilizopondwa, pilipili ya unga kiasi upendacho, na vijiko 2 vya maji ya baridi. Kanda kwa mkono dakika tatu mpaka nyama inashikana na kunata kwenye vidole. Iache ndani ya friji usiku mmoja.

Nyama ikiwa kama mchanga ndani ya supu, hukuikanda, au ulitia chumvi baada ya kuikaanga. Chumvi na kukanda ndivyo vinavyoishikisha. Ikiwa kavu na ngumu, haikuwa na mafuta ya kutosha. Mwambie muuza nyama akusagie kidari badala ya steki. Ikiwa ngumu kama mpira, umeikanda kupita kiasi ikiwa ya moto, au umeipika saa nzima kwa mchemko mkali.

Ukitumia soseji mbichi zenye utumbo na zinapasuka ukizikata, ziweke friza dakika 20 zigande kidogo, kisha kata. Njia rahisi zaidi ni kuuchana utumbo, kuutupa, na kudondosha nyama kwa vipande vya ukubwa wa kokwa ya jozi. Usiisage na mwiko mpaka ikawa chembe. Supu hii inataka kipande cha kutafuna. Kwa usalama, nyama ya kusaga ya ng'ombe, kondoo au nguruwe inapaswa kufika nyuzi 71 katikati, ya kuku 74.

Mafuta yanaelea

Kwa gramu 500 za soseji unaweza kupata mafuta mengi. Ukishakaanga, mimina yote uache vijiko viwili vya kukaangia vitunguu. Usiyamwage yote, maana harufu ya shamari imo humo.

Kama umeshachelewa, toa sufuria motoni, iache itulie dakika kumi, chota juu kwa upawa ukiulaza. Ukiwa na muda, iweke friji bila pasta. Asubuhi mafuta yameganda na yanatoka kwa kijiko. Mafuta yakionekana kuchanganyika na mchuzi ukawa na ukungu, supu ilichemshwa kwa moto mkali. Ishushe mpaka kibubujike kiputo kimoja kimoja.

Maharage yamegoma kuiva, au nyanya ni kali mno

Matatizo haya mawili ni ndugu. Ukali wa nyanya huzuia maganda na nyama ya maharage kulainika, kwa hiyo maharage mabichi yaliyotiwa pamoja na nyanya yanaweza kutokota nusu siku yakabaki na kiini kigumu. Yapike kwanza peke yake mpaka yaive kabisa. Rosekoko yanafaa sana, yanafanana na borlotti ambayo Waitaliano wa kaskazini huyapenda. Yaloweke usiku, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Kama maji yenu ni ya chumvichumvi na maharage huchelewa siku zote, robo kijiko cha chai cha magadi kwa nusu kilo husaidia. Ikizidi hapo utasikia ladha ya sabuni.

Kwa maharage mekundu makubwa kuna jambo la afya. Yana sumu ya asili inayoharibika kwa mchemko mkali tu. Yachemke yakitokota kweli kweli nusu saa mwanzoni, kabla ya kupunguza moto. Wenye sufuria za umeme za kupika polepole, hasa walio Ulaya na Marekani, wasiyatie mabichi humo, kwani joto lake huenda lisifike.

Nyanya zikiwa kali kwa sababu hazijaiva vizuri, zipe nusu saa zaidi na karoti moja iliyokwaruzwa. Chembe ya sukari inasaidia. Chembe ya soda ya kupikia inasaidia zaidi, itatoa povu na kutulia, ila iwe chembe kweli.

Krimu imekatika

Wapikaji wengine humalizia kwa krimu, na hilo ni zuri mradi lifanyike kwa upole. Anayepika kwa nazi ameshaona tui likikatika. Hapa ni hivyo hivyo, na ukali wa nyanya unaharakisha. Maziwa ya kawaida yanakatika haraka, krimu yenye mafuta asilimia 35 inavumilia. Zima moto, subiri supu iache kutokota, changanya krimu na upawa mmoja wa mchuzi kwenye kikombe, kisha rudisha polepole huku ukikoroga. Isichemke tena. Ukiwa na maziwa tu, yakoroge na kijiko kimoja cha unga wa ngano, uyachemshe pembeni yawe mazito kwanza.

Ikiwa imeshakatika, ladha haijaharibika. Chuja mchuzi, upige kwenye blenda na maharage kidogo, urudishe. Mtindi usijaribu. Na tui la nazi linatoa supu tamu sana, lakini harufu ya nazi inaimeza shamari, ukabaki na chakula kingine kabisa.

Mboga nyeusi au ngumu

Spinachi inataka dakika mbili, itie moto ukiwa umezimwa. Sukuma wiki, ambayo ni jamaa wa karibu wa kabichi nyeusi ya Toscana, inataka dakika 10 hadi 15, mshipa wa katikati ukiwa umetolewa. Usizitie pamoja.

Chumvi imezidi

Chumvi huingia kwa milango minne: soseji, supu ya kidonge, maji ya maharage na jibini. Kwa hiyo mwenye soseji na jibini asitie chumvi ya mkono mpaka pasta imeiva. Kiazi kinachotupwa ndani hakichagui chumvi. Kinakunywa maji yenye chumvi na kuiacha supu ilivyokuwa. Dawa ni kuongeza: mchuzi usio na chumvi, maharage zaidi, au kuchemsha pasta pembeni kwa maji yasiyo na chumvi, na jibini lisikaribie meza siku hiyo.

Kiporo

Tenganisha kabla ya kulala. Pasta iliyobaki ichotwe kwa kijiko chenye matundu na iwekwe chombo chake, mchuzi chombo chake. Supu isikae nje zaidi ya saa mbili, na Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari usiifikishe hata hizo. Sufuria kubwa ikiingia friji ikiwa nzima inabaki ya moto katikati kwa muda mrefu, kwa hiyo igawe kwenye vyombo vifupi na vipana. Itafaa siku tatu hadi nne. Friza inaipokea vizuri bila pasta na bila krimu.

Ukiipasha, ichemke kabisa, kisha tia pasta ya jana dakika moja tu, au chemsha mpya. Na ukifunua ukakuta vipovu vidogo pembeni na harufu ya uchachu ambayo jana haikuwepo, imwage. Kuichemsha tena hakuiponyi.